Zamu ya Yadira

Jumapili, 7 Agosti

Daftari hili amenipa mjukuu wangu Yadira, na hakunipa kwa mapenzi, amenipa kwa kuchoka. Alisema, "Babu, kila asubuhi kabla sijanawa uso unaniuliza kama jibu limekuja. Kuanzia leo uliza humu ndani. Mimi niulize Jumapili tu."

Nikamwambia mimi si mtu wa madaftari.

"Basi nyamaza," akasema.

Nimechukua daftari.

Shule nilikaa mwaka mmoja na nusu, mwalimu akahama, darasa likawa zizi la mbuzi. Kusoma kwingine nilijifundisha mwenyewe kwenye matangazo ya ukuta wa ofisi ya kijiji. Na kwa kusoma huko huko nikawa mwenyekiti wa San Melitón Yaluvi. Tangi la maji lililo juu ya kanisa nililijenga mimi. Wapo wanaosema tulilijenga wote. Mawe walibeba, sikatai. Lakini aliyejua liwekwe wapi ni mimi.

Jibu tunalongoja ni la Uswisi. Kuna chuo huko kinachunguza milima inayoporomoka. Kinachukua watu sita kutoka dunia nzima, kinawasomesha miaka mitatu na kuwapa posho. Yadira ameomba. Masomo yanaanza Januari, jibu linatoka kabla ya Septemba kwisha. Mimi namwambia kuhusu mlima unaotembea hakuna haja ya kwenda Uswisi, angeniuliza mimi. Lakini ni msichana mwenye kichwa, na kichwa hicho amekitoa kwangu. Mama yake alivuka mpaka kwenda Kaskazini kutafuta kazi mtoto akiwa na miaka minne. Nimemlea mimi na marehemu mke wangu Hermelinda. Zaidi Hermelinda, lakini na mimi nilikuwepo.

Jumatatu, 8 Agosti

Mvua. Jibu? Hakuna.

Jumanne, 9 Agosti

Mvua.

Jumamosi, 13 Agosti

Msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuondoa tope barabarani. Kwa umri wangu nimesamehewa kazi hizi, lakini nilikwenda kuwaonyesha namna ya kushika beleshi. Mzee Gaudencio alikuwapo naye, amekaa juu ya jiwe kama bundi. Tumezaliwa mwaka mmoja, tumefuata vyeo vilevile, yeye akibaki nyuma yangu kidogo kila mara.

"Mjukuu wako amemaliza chuo Juni," akaniambia.

"Amemaliza. Wa kwanza darasani."

"Kwa hiyo si mwanafunzi tena. Jina lake liko kwenye orodha ya zamu."

"Ni mwanafunzi anayengoja."

"Anayengoja," akasema, akatazama mawingu. "Hata mimi nangoja. Nangoja kuwa kijana."

Watu wakacheka. Nimeandika hapa ili nisisahau waliocheka.

Atakayesoma daftari hili nikishakufa ajue. Kwetu mtu mzima aliyemaliza shule hupewa zamu: mwaka mzima wa kutumikia kijiji bila malipo. Unaanza na zamu ya chini, ya topili, yaani mjumbe wa kufagia uwanja, kupeleka barua za mwenyekiti, kukamata ng'ombe wa watu na kulinda walevi mahabusu. Unapanda hivyo hivyo mpaka juu. Ukikataa, nyumba yako inakatiwa maji, shamba linarudi kijijini, na makaburini hampati nafasi tena. Mwanafunzi husamehewa, ila alete karatasi yenye muhuri. Maneno matupu hayapokelewi.

Kifungu hicho cha karatasi nilikipitisha mimi. Mwaka 1998, nikiwa mwenyekiti, mtoto wa Gaudencio, Rufino, alikuwa na miaka kumi na tisa, akipuliza klarineti mpaka ndege wananyamaza. Akaja kusema shule ya muziki ya mji mkuu imempigia simu, wamemchukua. Nikamuuliza karatasi iko wapi. Hana. Nikamwambia neno la simu halina muhuri. Akapewa zamu ya topili. Siku nane baada ya kuapishwa barua ikaja, lakini kiapo ni kiapo, na nafasi yake wakapewa wengine. Watu walinisifu sana. Walisema: huyu kweli ni mwenyekiti, hata mtoto wa mwenzake hakumpendelea. Sheria ni msumeno.

Baraza la kugawa zamu za mwakani ni Septemba 11.

Jumapili, 14 Agosti

Leo ndiyo siku yangu. Nikauliza. Akasema, "Bado."

Jumapili, 21 Agosti

"Bado."

Alhamisi, 25 Agosti

Nilimfuata Yadira mlimani kwenye vigingi vyake vya chuma. Amevipanga mstari kutoka shamba la Isauro, mwenyekiti wa sasa, mpaka nyuma ya shule. Kila wiki anavipima kwa kamba na kuandika. Vitatu vimeteremka upana wa vidole vinne tangu Juni.

"Babu, siku moja upande huu utashuka wote," akasema.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua kuwa utashuka."

"Unajua lini? Unajua utapita wapi, nyumba zipi zihame?"

Nikasema hayo ndiyo tunayokutuma Uswisi ukayalete. Akacheka kidogo. Nilikuwa sijamwona akicheka wiki mbili. Siku hizi hali chakula vizuri. Kila alasiri anapanda mpaka msalaba wa kileleni, saa nzima ya kutembea, maana simu ya mkononi hushika kule tu, kutoka mnara wa bonde la pili. Anarudi amelowa na hana cha kusema.

Jumanne, 30 Agosti

Siku kubwa. Nilikuwa napukuchua mahindi pale kipaza sauti cha duka la simu la Bi Cástula kilipokohoa. Sauti ya Bi Cástula inafika mpaka bonde la pili. "Yadira Bautista, Yadira Bautista, una simu kutoka ng'ambo. Njoo upesi, watu wa Uswisi wanangoja, wanaongea Kihispania cha kuchechemea."

Yadira alitoka mbio na mikono ina unga wa mahindi. Mimi nikamfuata kwa mwendo wa heshima, lakini haraka. Alikaa ndani ya kibanda nusu saa. Nje tulikuwa watu ishirini tunaojifanya tunanunua chumvi.

Alipotoka akasema, "Yalikuwa maswali tu, Babu. Walimu watatu. Wamesema hatua inayofuata ni jibu."

Lakini aliniambia mimi, kwa sauti ndogo. Kijiji kilikuwa kimeshasikia kipaza sauti. Jioni majirani walileta mikate ya mayai na chokoleti ya kukoroga. "Hongera, Mzee Taurino, mjukuu anaruka bahari." Sikusema ndiyo. Nilisema, "Mungu ni mkubwa." Huo si uongo. Mikate nikapokea, maana kumrudishia mtu mkate ni kumtukana.

Jumapili, 4 Septemba

"Bado." Halafu akasema, "Babu, nani anawaambia watu nimepata?"

Nikasema watu husikia wanachotaka.

Jumatano, 7 Septemba

Mvua, mvua. Kuni zote zimelowa. Moshi umeingia mpaka kwenye daftari.

Jumapili, 11 Septemba

Nitaandika yote.

Kengele ililia saa tatu. Ukumbi ulijaa mpaka ngazi za nje. Sisi wazee wa benchi, watano tuliomaliza zamu zote, tulikaa mbele kama kawaida, mimi katikati. Isauro akaongoza vizuri, ingawa anaongea haraka. Zikagawanywa zamu za kanisa, za maji, za zahanati. Ikafika zamu ya matopili. Mama mmoja wa kona ya juu, asiye na ubaya na mtu, akasema, "Napendekeza Yadira Bautista. Jina lake liko kwenye orodha na hajatumika bado."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu ile ya zamani, "Huyo msimguse. Huyo ni mwanafunzi. Ameshapokelewa Uswisi."

Gaudencio hakusimama hata kidogo. Alikaa vilevile, mikono juu ya fimbo.

"Karatasi iko wapi, Taurino?"

"Kijiji kizima kilisikia simu."

"Neno la simu halina muhuri," akasema.

Wakacheka. Wenye umri wangu walicheka zaidi, kwa sababu wanakumbuka. Nikatafuta uso wa Rufino. Alikuwa ameegemea mlango, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, ndiye anayefundisha bendi ya watoto siku hizi. Hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

Isauro akasema, "Basi tumuulize mwenyewe. Dada Yadira, umepokelewa au hujapokelewa?"

Nilimtazama. Nilimwambia kwa macho yote niliyo nayo. Alisimama, akakunja shali yake, akasema, "Sijapokelewa. Walinipigia kuniuliza maswali. Bado nangoja jibu."

"Kwa hiyo babu yako..."

"Babu yangu ananipenda," akasema. "Lakini sijapokelewa."

Mikono ikanyanyuliwa. Mia moja arobaini na tatu. Nilikuwa nimekaa mbele kwa hiyo niliiona yote. Rufino hakunyanyua wake. Mimi sikunyanyua wangu. Wengine wote walinyanyua, hata waliokula chokoleti nyumbani kwangu.

Yadira ni topili kuanzia Januari mosi.

Jumatatu, 12 Septemba

Hatukuongea. Maharage yalikuwa mazuri.

Jumanne, 13 Septemba

Hatukuongea.

Jumamosi, 17 Septemba

Ameongea. Alikuwa anageuza chapati za mahindi juu ya kaango la udongo, bila kunitazama.

"Ulinifanya mwongo mbele ya watu."

"Nilikutetea."

"Hukunitetea. Ulijisifu kwa jina langu."

"Ungekaa kimya, jambo lingepita."

"Na jibu likija hapana? Ningeishi vipi humu kijijini? Ningekuwa yule aliyekwepa zamu kwa uongo wa babu yake." Akaunguza kidole, akakitia mdomoni. "Halafu nisikilize. Hata wakiniambia ndiyo, siendi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nikienda bila kutumika, watakukatia maji. Shamba litaondoka. Na bibi yuko kule makaburini, wewe utalazwa wapi? Barabarani?"

Nikasema mimi sifi karibuni. Akasema si hilo alilouliza.

Nimefikiri mpaka kahawa ikapoa. Miaka yote nilidhani sheria ile ni ukuta nilioujenga kuzuia wavivu. Sikuwahi kuutazama kutoka upande wa ndani.

Jumanne, 20 Septemba

Saa nne asubuhi mlima umeshuka. Si upande wetu, namshukuru Mungu, ni ule wa barabara. Tulisikia kama gari kubwa linamwaga mawe, likamwaga muda mrefu mno. Mnara wa simu ya duka umekwenda na kipande cha msitu. Bi Cástula ana kipaza sauti lakini hana simu. Njia ya kwenda kileleni msalabani nayo imekatika katikati. Topili mmoja wa mwaka huu amevunjika mguu, wamemlaza zahanati.

Hakuna kuingia, hakuna kutoka.

Jumatano, 21 Septemba

Tumefungiwa kama kuku.

Alhamisi, 22 Septemba

Mvua. Yadira anakaa mlangoni anatazama juu, kwenye ukungu, ambako barua pepe inaweza kuwa imeshafika na hakuna wa kuifungua. Nimemwona akihesabu vidole. Aliniambia zamani kwamba wakimchukua ana siku kumi za kukubali, zikipita wanamwita mwingine.

Kwa hiyo, pamoja na kusema haendi, anahesabu.

Jumamosi, 24 Septemba

Msaragambo. Leo sikwenda kuelekeza, nilishika beleshi. Wakanipanga na Rufino kwenye tope linalofika magotini. Tulichimba kutoka asubuhi mpaka jua lilipojaribu kutoka likashindwa. Mimi nachimba vizuri kuliko yeye lakini yeye hachoki.

Miaka ishirini na nne tumesalimiana tu: shikamoo, marahaba. Leo nikamuuliza, "Mbona hukunyanyua mkono siku ile?"

Akaendelea kuchimba. "Nilitumika mwaka ule, Mzee. Naujua ulivyo mrefu."

"Ulinichukia?"

"Miaka kama kumi. Halafu nikaoa, nikapata kazi nyingine." Akatupa tope bondeni. "Barua ilipofika baba yangu alikwenda kukuomba, unakumbuka? Alivua kofia mlangoni kwako. Mimi nilikuwa nyuma yake na ufagio, nafagia uwanja. Nilimwona anavua kofia. Hiyo ndiyo iliyonichukua muda."

Nilikuwa nimesahau kofia. Nimekaa na Gaudencio benchi moja miaka yote hii, nikidhani ananionea wivu.

"Sogea kidogo, Mzee," akasema Rufino, "unanimwagia tope kwenye buti."

Jumapili, 25 Septemba

Siku ya kuuliza, na hakuna cha kuuliza. Mlima umefunga njia.

Jumatatu, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Gaudencio. Naandika polepole kwa sababu jambo lenyewe halinipendezi.

Desturi iko hivi. Mtu anaweza kubeba zamu ya mwenzake wa nyumba moja. Lakini mzee wa benchi hawezi, ameshamaliza, hashuki. Akitaka kushuka sharti arudishe nafasi yake benchini, ahesabiwe kama mtu ambaye hajatumika, aanze na ufagio. Na wazee wanne waliobaki wote wakubali. Mmoja akikataa, imekwisha. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Hakuna mwenye akili anayefanya.

Alikuwa anasuka kikapu barazani. Hakunikaribisha ndani, ila alinisukumia kigoda.

"Mwenyekiti wa zamani," akasema. "Umepotea?"

"Nataka kubeba zamu ya Yadira."

Akaweka kikapu chini. "Wewe. Topili. Miaka sabini na tatu."

"Sabini na tatu na nguvu zote."

"Utakamata ng'ombe wa watu?"

"Ng'ombe wananiogopa."

"Utalinda walevi?"

"Nusu yao ni wanangu wa ubatizo."

Akacheka mpaka akakohoa, mkewe akatoka na kahawa ya sukari guru kuona kuna nini. Akatuachia vikombe akarudi. Gaudencio akafuta macho. "Mpanda ngazi hushuka," akasema. "Lakini sikujua nitaishi nione."

"Unakubali au hukubali?"

"Jibu la Uswisi limekuja?"

"Halijaja. Nataka zamu itoke kwake kabla halijaja. Akilisoma akiwa bado amefungwa, atajifanya halitaki, na mimi nitamwamini kwa sababu inanifaa."

Mvua ikapiga bati. Halafu akasema, "Nitakubali. Sharti moja. Mbele ya watu useme ulimkosea Rufino."

Hasira ikanipanda kama maziwa jikoni. Nikamwambia sikumkosea mtu, sheria ilikuwa sheria, na yeye mwenyewe alinyanyua mkono nilipoipitisha.

"Kweli nilinyanyua," akasema. "Basi kunywa kahawa yako uende."

Nilikunywa. Nikaenda.

Jumanne, 27 Septemba

Mvua. Gaudencio ni mkaidi sana.

Jumatano, 28 Septemba

Mvua. Yadira ameanza kujizoeza kuamka saa kumi na moja, saa ya matopili. Amechukua ufagio wangu wa nje akaurefusha mpini. Nimemtazama akifunga kamba, mtu aliyesoma miaka mitano chuoni, na amefunga vizuri.

Ijumaa, 30 Septemba

Septemba imekwisha. Jibu liko mahali fulani huko juu kwenye ukungu. Sisi tuko huku chini.

Jumapili, 2 Oktoba

Baada ya misa watu walisimama uani kwa sababu mvua ilipumzika. Wazee wa benchi walikuwa wamekaa kwenye veranda ya ofisi. Sikukaa. Nilisimama mbele yao, nikamwomba Isauro aite watu.

Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yenye tangi la maji ndani yake. Yalinikimbia. Nikasema, "Mwaka 1998 Rufino alisema barua inakuja. Ningeweza kungoja siku nane. Sikungoja. Nilitaka watu waseme Taurino hapendelei. Baba yake alikuja mlangoni kwangu akavua kofia, nikamwacha amesimama. Nilikosea."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke.

Nikasema tena, "Narudisha nafasi yangu. Zamu ya Yadira naibeba mimi."

Yadira alikuwa kwenye ngazi za kanisa. Akasema, "Babu, acha," si kwa sauti kubwa. Akaja mpaka mbele. "Mwenyekiti, zamu ni yangu. Nilipewa kwa mikono ya watu."

Isauro akawatazama wazee. Wa kwanza akakubali, wa pili, wa tatu. Gaudencio alichelewa makusudi, namjua. Alimtazama Rufino. Rufino akainua mabega, kama kusema: mimi nina mazoezi ya bendi. Gaudencio akasema, "Akubaliwe."

Isauro akaandika kitabuni. Akasema kwa sababu topili mmoja amevunjika mguu, nianze kesho, nisingoje Januari. Nikaapa. Nikaenda kukaa mahali pa matopili, kwenye ngazi ya chini ya veranda, pale maji ya bati yanapodondokea. Benchi limebaki na watu wanne na nafasi katikati. Waliiacha wazi kidogo, halafu wakasogeleana.

Njiani Yadira hakuniambia asante. Alisema, "Nani alikuomba?"

Nikasema, "Hakuna. Mimi huwa siombwi."

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimefagia uwanja. Mgongo.

Jumanne, 4 Oktoba

Mvua za Mtakatifu Fransisko, kama kila mwaka. Nimepeleka barua nyumba kumi na moja. Mbwa wote wa kijiji hiki hawana adabu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Njia ya kileleni imefunguliwa kwa miguu, wamelaza magogo juu ya tope. Yadira alisema atakwenda peke yake. Nilisema topili ana wajibu wa kukagua njia. Tukaenda wawili. Alinisubiri mara nne. Mimi nilimsubiri mara moja, alipofunga kamba ya kiatu.

Msalabani kulikuwa na ukungu mzito, hatukuona hata kijiji. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaiwasha. Ikakaa kimya, halafu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe wa siku kumi na sita. Alipitisha kidole, akapitisha, akasimama. Akasoma. Akasoma tena.

Nilitazama uso wake kama ninavyotazama anga kabla ya kuanika kahawa. Sikuona kitu.

"Ilikuja tarehe ishirini na tisa," akasema. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, Babu. Hawakunichukua. Wanasema kazi yangu ni nzuri, waombaji walikuwa wengi, wananitakia kila la heri."

"Soma tena. Huenda umeruka mstari."

"Sikuruka."

Akakaa kwenye jiwe la msalaba. Alilia kidogo, bila kelele, simu ikiwa mapajani na matone yakiipiga. Nilitaka kusema hao Waswisi hawajui kitu. Nilitaka kusema tungewaandikia, mimi nikiwa mwenyekiti wa zamani niweke sahihi. Nikakumbuka mimi si mwenyekiti wa zamani tena. Mimi ni mtu ambaye hajatumika.

Nikakaa kwenye jiwe. Lilikuwa baridi sana.

"Umeshuka benchi bure," akasema. "Ningebaki tu hapa. Ningefanya zamu yangu na wewe ungekaa mahali pako. Umepoteza yote kwa kitu ambacho hakikuwepo."

"Wanapokea tena maombi lini?"

"Babu."

"Nimeuliza lini."

"Februari." Akafuta pua kwa shali. "Kesho nitakwenda kwa Isauro. Nitamwambia zamu irudi kwangu."

"Haitarudi. Nimeapa."

"Utaumwa mgongo mwaka mzima kwa ukaidi tu."

"Mgongo ni wangu."

"Na wakisema hapana tena?"

Mtu mwingine angempa maneno matamu. Mimi nilisema, "Watakukuta huna zamu."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama vigingi vyake. Halafu akaizima simu, akairudisha kwenye plastiki, akafunga fundo mara mbili. Akanipa mkono kuninyanyua. Niliukataa. Goti likanikatalia mimi, nikaupokea.

Tuliteremka. Ukungu haukuondoka. Bondeni tulisikia bendi ya Rufino ikirudia kipande kimoja, watoto wakikosea mahali palepale, akiwarudisha mwanzo.

Jumapili, 9 Oktoba

Yadira amekwenda kwenye vigingi tangu asubuhi na hajarudi. Amebeba vipya sita mgongoni. Barabara bado imefungwa, wanasema wiki mbili tena.

Nimefagia uwanja. Isauro amesema kona ya upande wa ukumbi nimeiacha. Sikuiacha. Nimeirudia.